KUJITOLEA KATIKA HIFADHI YA MISITU: KAZI YAKE, GHARAMA ZAKE NA HESABU ZAKE

Vyama vya msingi vilivyo kandokando ya misitu ya hifadhi huletewa mara kwa mara maombi yanayofanana. Pengine ni afisa misitu anayeomba vijana kumi wa kusafisha mpaka wa hifadhi. Pengine ni shirika la uhifadhi linalotaka ghala la chama litumike kuwekea vifaa. Pengine ni wageni kutoka ng'ambo wanaokusudia kupiga kambi msituni kwa majuma kadhaa wakihesabu ndege, vyura na miti, nao wanahitaji wapagazi, wapishi na watu wa kuwaonyesha njia. Maombi yote hayo huletwa kwa neno moja: kujitolea. Neno hili ni jema, na ushirika wenyewe umesimama juu yake. Lakini neno moja likibeba mambo mengi, ni rahisi wanachama wakakubali jambo wasilolifahamu, na baadaye chama kikajikuta kimeingia katika gharama ambazo hazikuwamo katika makisio yake.

Makala haya yanaeleza kazi ya kujitolea katika hifadhi ya misitu ni kazi gani, hufanywa na nani, huhitaji nini, na chama kifanye nini kabla ya kutoa jibu. Mfano utakaotumika ni wa misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Huko aina nyingi za kujitolea zimekwisha kujaribiwa, na wakulima wa huko hutegemea iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu, mazao ambayo hulimwa karibu kabisa na msitu, na mara nyingine chini ya kivuli cha miti ya msitu wenyewe.

MAANA YA KUJITOLEA

Kazi ya pamoja isiyo na ujira si jambo geni. Watu wa Upare na Usambara huiita msaragambo: kijiji hukubaliana siku, kila kaya ikatoa mtu, mfereji ukachimbwa au barabara ikatengenezwa. Katika msaragambo kila mtu anaijua faida, kwa kuwa maji ya mfereji yatapita shambani mwake na barabara itapitisha mazao yake. Kwa hiyo hakuna anayeuliza malipo.

Misingi ya ushirika nayo inalikubali jambo hili. Katika misingi saba iliyotangazwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1995, wa kwanza ni uanachama wa hiari na ulio wazi kwa wote, na wa saba ni kuijali jamii. Misingi hiyo miwili yafaa isomwe pamoja. Chama kinapaswa kuijali jamii inayokizunguka, nayo misitu na vyanzo vya maji ni mali ya jamii hiyo. Lakini hakiwezi kuijali jamii kwa kumlazimisha mwanachama. Mtu anayetozwa faini kwa kukosa siku ya kazi msituni hakujitolea. Mtu anayelipwa ujira kamili wa siku hakujitolea pia. Huyo ni kibarua, naye anastahili haki zote za kibarua. Mtu aliyejitolea ni yule aliyekubali kwa hiari yake, akijua kazi ni ipi, itachukua siku ngapi, na faida yake itakwenda wapi.

Katika misitu ya hifadhi hupatikana makundi matatu ya watu wa kujitolea. La kwanza ni la wanavijiji wanaopakana na msitu, ambao hufanya doria, huzima moto na hupanda miti mpakani. La pili ni la wanafunzi na vijana wa nchini wanaokwenda kujifunza. La tatu ni la wageni wa nchi za nje, ambao kwa kawaida hujilipia nauli, chakula na sehemu ya gharama za mradi. Makundi haya yakikutana mahali pamoja, kila moja hujitolea kwa namna yake, na kinachotolewa na moja si sawa na kinachotolewa na jingine. Hapo ndipo manung'uniko mengi huanzia.

MSITU WENYEWE

Milima ya Usambara Mashariki hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa sababu hiyo msitu wake ni wa kijani daima. Baadhi ya viumbe wake hawapatikani kwingine isipokuwa katika milima hiyo au katika milima michache iliyo jirani. Wamo vinyonga, vyura na ndege wa aina za pekee, na limo ua dogo la zambarau ambalo afisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ulaya, nalo likapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia mwaka 1893. Leo ua hilo huwekwa madirishani katika nyumba nyingi za nchi za baridi, na wengi wanaolimwagilia hawajui kwamba asili yake ni miamba ya Tanga.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta miti ya kigeni ili kuijaribu. Mmoja wa miti hiyo, uitwao msizi au mhesi, ulienea sana baadaye katika sehemu za msitu zilizokatwa mbao. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika Tanzania.

Kwa mkulima, hata hivyo, faida kubwa ya msitu huo ni maji. Mto Zigi hupokea vijito vya milima hiyo na kuyafikisha maji katika bwawa la Mabayani, ambalo huupatia maji mji wa Tanga. Msitu ukifyekwa, kijito hujaa tope wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Anayeanza kuona madhara ni mkulima wa bondeni, kisha mkazi wa mjini.

WAGENI WA KUJITOLEA NA KAZI WALIYOIFANYA

Kuanzia mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na shirika moja la Uingereza, Society for Environmental Exploration, katika mpango ulioitwa Frontier-Tanzania. Vijana wa kujitolea waliojigharamia walipelekwa kwanza katika misitu ya pwani. Kisha, kati ya mwaka 1995 na 2002, walifanya kazi katika misitu ya Usambara Mashariki pamoja na mradi wa serikali wa misitu ya vyanzo vya maji uliosaidiwa na Ufini. Waliishi katika kambi zilizo mbali na barabara, wakahamia msitu mmoja baada ya mwingine, na kwa kila msitu wakatoa taarifa.

Kazi yao haikuwa ya kustaajabia wanyama. Ilikuwa kazi ya kuhesabu, na hesabu ya msitu inafanana sana na hesabu ya ghala. Msitu uligawanywa kwa mistari iliyonyooka. Katika vipande vilivyopimwa kila mti ulipimwa unene wa shina kwa kimo cha kifua, ukaandikwa jina lake na kutiwa alama. Wanyama wadogo wa ardhini walinaswa kwa ndoo zilizofukiwa hadi midomo yake ikawa sawa na ardhi, zikapangwa kwa safu, na juu yake kukasimamishwa ukuta mfupi wa plastiki. Chura au panya anayetambaa akikutana na ukuta huufuata mpaka akatumbukia ndooni. Ndoo hizo ilikuwa lazima zikaguliwe kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, kwani mnyama aliyesahauliwa ndooni hufa. Ndege na popo walinaswa kwa nyavu nyembamba, wakatambuliwa, wakapimwa na wengi wao wakaachiliwa.

Kazi nyingine ilikuwa ya kuhesabu uharibifu. Watu walipita katika mstari wenye upana wa mita 10, wakahesabu boriti, yaani miti yenye kipenyo cha sentimeta 5 hadi 15, na miti ya mbao iliyozidi hapo. Kila mmoja uliandikwa kama ni mzima, umekufa wenyewe, umekatwa zamani au umekatwa karibuni. Mwishoni iliweza kuonekana ni sehemu ipi ya msitu inayovunwa kwa wizi, na kama wizi huo ni wa juzi au wa miaka iliyopita. Hesabu ya namna hii haihitaji shahada ya chuo kikuu. Mwanakijiji anayejua kusoma na kuandika, mwenye kamba ya mita 50, daftari na kalamu ya risasi, anaweza kuifanya. Jambo hili lafaa likumbukwe, kwa sababu kamati ya kijiji iliyo na hesabu zake yenyewe haiwezi kuambiwa na mtu wa mbali kwamba msitu wake umeharibiwa au umepona.

MAISHA YA KAMBI ISIYO NA UMEME

Mwanachama anayekubali kwenda kambini, awe mpishi, mpagazi au msaidizi wa utafiti, sharti ajue anakokwenda. Kambi ya msituni haina umeme wa gridi, haina maji ya bomba wala duka. Zamani mwanga ulikuwa wa kandili na karabai; siku hizi kambi nyingi hutumia vibao vidogo vya umeme wa jua, lakini chini ya kivuli kizito na katika majuma ya ukungu vibao hivyo hutoa umeme kidogo tu. Kwa hiyo umeme uliopo huwekwa kwa ajili ya simu, taa za kichwani na vifaa vya vipimo, wala hautumiwi kupikia.

Maji huchotwa kijitoni juu ya kambi, na kuoga na kufua hufanywa chini yake. Maji ya kunywa huchemshwa. Choo cha shimo huchimbwa mbali na kijito, nalo shimo hufukiwa kambi inapovunjwa. Kuni huleta swali la pekee: haielekei watu waliokuja kulinda msitu wakaufanya kuwa jiko lao. Kambi inayosimamiwa vizuri hutumia kuni zilizoanguka zenyewe pale tu kanuni za hifadhi zinapoliruhusu jambo hilo, au hupandisha gesi kutoka kijijini. Chakula ni unga, mchele, maharage na dagaa, na mboga hununuliwa vijiji vya jirani. Hapo chama cha msingi kinaweza kupata biashara halali, kikiuza mazao ya wanachama wake kwa bei iliyokubaliwa na kwa stakabadhi.

Hatari za msituni ni za kawaida lakini ni za kweli. Matawi huanguka wakati wa upepo. Siafu wakiingia kambini usiku, watu huhama. Nyoka wenye sumu wapo, wakiwamo kifutu na moma, ambao hulala kimya katika majani makavu; kwa sababu hiyo viatu vya ngozi au buti za mpira si anasa, ni kifaa cha kazi. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba kwa nguvu. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, naye achukuliwe kwa machela mpaka hospitali upesi iwezekanavyo. Mahali ambapo barabara iko mwendo wa saa nne kwa miguu, na simu hushika juu ya kilima kimoja tu, neno "upesi" huhitaji maandalizi: machela iwepo, watu wa kuibeba wajulikane kwa majina, gari liwe limekwisha kuagizwa mahali pake, na nauli na gharama za matibabu zijulikane zitalipwa na nani.

KAZI YA WANAVIJIJI

Wageni hukaa kwa majuma, kisha huondoka. Kazi isiyokoma huwaangukia wanavijiji. Wao ndio wanaofyeka mpaka, kung'oa miche ya miti ya kigeni, kuotesha na kupanda miti ya asili, kuchimba na kusafisha njia za kuzuia moto, na kufanya doria dhidi ya wapasua mbao na wawindaji.

Doria ndiyo kazi nzito kuliko zote. Mwaka 2004 wachimbaji wadogo wa dhahabu waliingia katika vijito vya Usambara Mashariki, hasa sehemu za Sakale, wakachimbua kingo na kuyachafua maji. Kundi la wanavijiji wenye mapanga na filimbi halikuundwa ili kukabiliana na umati wa namna hiyo. Wajibu wa doria ya kujitolea ni kuona, kuandika na kutoa taarifa mapema; kukamata wahalifu wenye silaha ni wajibu wa askari wa Wakala wa Huduma za Misitu na polisi. Kiongozi anayewatuma wanachama bila kuwaeleza mpaka huo anawaweka katika hatari ambayo hakuna posho inayoweza kuilipa.

Tena liko jambo ambalo huachwa bila kusemwa mikutanoni. Baadhi ya wanaoombwa kulinda mpaka ni wale wale ambao mpaka huo uliwapunguzia mashamba. Katika miaka ya 2000 wakulima zaidi ya 1,000 walilazimika kuiacha iliki yao katika ukanda wa msitu wa Derema, ukanda ambao ulihitajika ili kuiunganisha misitu ya Amani na ile iliyo kaskazini yake, nao walilipwa fidia. Sababu ya uhifadhi ilikuwa ya kweli: iliki iliyopandwa chini ya miti huzuia miche ya msitu kukua, na baada ya miaka kadhaa udongo huchoka na mkulima huhamia mbele. Lakini ni kweli vilevile kwamba shamba la iliki lilikuwa ada ya shule na nyumba ya bati. Mtu aliyepoteza shamba akiombwa siku zake bila ya malipo, hatoi siku tu. Anaongeza juu ya kile alichokwisha kutoa. Viongozi wa chama wakilitambua jambo hili waziwazi, mazungumzo huwa ya haki. Wakilificha, watu hukubali mkutanoni na kutoonekana siku ya kazi.

HESABU YA SIKU ZILIZOTOLEWA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku za watu nazo ni mali. Hata hivyo, katika vyama vingi siku zilizotolewa kwa ajili ya msitu haziandikwi popote, na mwisho wa mwaka hakuna awezaye kusema chama kimechangia kiasi gani.

Chukuliwe mfano. Chama kinakubali kutoa watu 8 wa kufanya doria mara mbili kwa mwezi, siku nzima kila mara. Kwa mwaka hizo ni siku 192 za kazi. Ikiwa kibarua cha siku kijijini ni shilingi 7,000, basi chama na wanachama wake wametoa kazi yenye thamani ya shilingi 1,344,000. Kiasi hicho hakijahesabu buti zilizochakaa, chakula cha mchana, wala siku ambazo iliki iliiva na mchumaji alikuwa doriani. Kama mwisho wa mwaka mradi umeleta miche 2,000 na semina moja, wanachama wanaweza kupima wenyewe kama wamepata au wamepunjwa. Inawezekana wakaamua kwamba maji ya kijito peke yake ni faida ya kutosha. Huo ni uamuzi wao, nao ni halali. Lakini uamuzi usio na hesabu ni kubahatisha tu.

Daftari la siku za kujitolea halina ugumu. Linahitaji safu sita: tarehe, jina la mtu, kazi iliyofanywa, mahali, saa za kuanza na kumaliza, na sahihi. Katibu alisome katika kila mkutano wa bodi, na jumla yake iwekwe katika taarifa ya mwaka inayopelekwa mbele ya mkutano mkuu. Fedha yoyote inayotolewa na mradi kwa ajili ya posho ipokelewe kwa stakabadhi ya chama na itolewe kwa hati ya malipo yenye sahihi ya mpokeaji. Posho inayopitia mfukoni mwa mtu mmoja huvunja moyo wa kujitolea haraka kuliko kukosa posho kabisa.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 ilifungua njia mbili kuu za wananchi kushiriki. Katika njia ya kwanza kijiji hutenga msitu ulio katika ardhi yake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji. Hapo kijiji ndicho mwenye msitu, hutunga sheria ndogo zake na hupata mapato ya mavuno halali. Katika njia ya pili msitu hubaki kuwa wa serikali, na kijiji huingia mkataba wa kuusimamia kwa pamoja. Hapo haki za kijiji ni zile tu zilizoandikwa katika mkataba.

Tofauti hii ni kubwa kwa anayejitolea. Katika msitu wa kijiji, siku inayotolewa ni sawa na msaragambo, kwa kuwa faida inarudi kwa mwenyewe. Katika hifadhi ya mazingira asilia, ambako uvunaji wa miti umekatazwa, faida lazima itafutwe kwingine: maji, ajira za kuongoza wageni, sehemu ya ada kama mkataba unasema hivyo, au kazi za mikono. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayeleta ombi ni hili: msitu huu ni wa nani kisheria, na mkataba uko wapi?

FAIDA ZITOKAZO MBALI

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa vijiji vya kandokando ya Amani walianza kufuga vipepeo. Walipanda majani wanayokula viwavi, wakakusanya mabuu yaliyojifunga, na mabuu hayo yakapelekwa kwa ndege katika nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Kipepeo alihitaji msitu, na hivyo mfugaji alikuwa na sababu ya kuulinda. Ulikuwa mpango mzuri, na wanawake wengi walipata fedha yao wenyewe. Mwaka 2016 serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na vipepeo wakaingia katika zuio hilo. Wafugaji hawakuwa wamekosa lolote, lakini soko lao lilifungwa.

Somo lake si kwamba kazi za namna hiyo zisijaribiwe. Somo ni kwamba hifadhi isitegemee faida moja inayotoka mbali. Katika bonde la Zigi wakulima wameunda umoja wao uitwao UWAMAKIZI kwa ajili ya kutunza vijito vya Kihuhwi na Zigi, nao wameshirikiana na mamlaka ya maji ya Tanga. Anayekunywa maji yuko karibu na anayeyatunza. Wanaweza kukutana, kuzungumza na kukumbushana. Uhusiano wa namna hii hauvunjiki kwa tangazo la siku moja.

MAMBO YA KUAFIKIANA KABLA YA KUKUBALI

Chama kinapoletewa ombi la watu wa kujitolea au la kupokea kambi ya wageni, bodi ihakikishe kwamba mambo yafuatayo yameandikwa na kutiwa sahihi kabla ya siku ya kwanza ya kazi:

(a) Jina la mradi, kibali chake cha utafiti au cha kazi, na jina la afisa wa serikali anayehusika. Wageni wafike kwanza kwa serikali ya kijiji.

(b) Kazi itakayofanywa, idadi ya watu na siku, na majira. Kazi isiyo ya dharura isipangwe wakati wa mavuno.

(c) Kazi ipi ni ya kujitolea na ipi ni ya ujira. Mpagazi, mpishi na mwonyesha njia wa wageni wanaolipa gharama za safari yao walipwe ujira, kwani si haki maskini ajitolee kumbebea mzigo aliyejilipia.

(d) Vifaa vya kinga, huduma ya kwanza, machela, usafiri wa mgonjwa, na nani atalipa matibabu.

(e) Mpaka wa doria: nini kifanywe na wanachama, na nini kiachiwe askari.

(f) Taarifa. Nakala ya matokeo iletwe kijijini kwa Kiswahili na isomwe mkutanoni. Hesabu za msitu zilizokusanywa kwa msaada wa wanavijiji zisibaki katika maktaba za mbali tu.

(g) Vifaa vitakavyoachwa kambi ikivunjwa, vitaandikwa katika daftari gani, na kwa jina la nani.

Mradi wenye nia njema hautachukizwa na masharti haya. Kwa kweli huyafurahia, kwa kuwa humwepusha kila mmoja na ugomvi wa baadaye. Mradi unaokataa kuandika lolote umekwisha kujieleza wenyewe.

Misitu ya milimani haiwezi kulindwa na askari peke yao, wala na wageni wanaokuja na kuondoka. Italindwa na watu wanaolima kando yake, ikiwa wanaona kwamba siku zao zinathaminiwa. Vyama vya msingi vina mikutano, vina makatibu na vina madaftari. Hakuna chombo kingine kijijini kinachofaa zaidi kuzitunza siku hizo. Kwa hiyo ombi litakapoletwa, viongozi wasilikatae kwa hofu wala wasilikubali kwa haya. Waliweke mbele ya wanachama, wafungue daftari, kisha wajibu.